Julai 31 na Agosti 1: siku moja tu, lakini kwenye besiboli ya Marekani ni kama mbingu na ardhi

GongoRefu (mleta uzi)

Wakuu, salama? Hili jambo nimekaa nalo kichwani muda mrefu, leo nalishusha. Uzi utakuwa mrefu. Wavivu wa kusoma rukeni hadi mtakapoona jina la Trout.

Chukua wachezaji wote waliozaliwa Marekani na kufika ligi kuu ya besiboli ya huko, MLB, kuanzia 1950 hadi katikati ya miaka ya 2000. Wapange kwa mwezi wa kuzaliwa tu; sahau timu, sahau rekodi. Waliozaliwa Julai wanatoka 313. Waliozaliwa Agosti wanapita 500.

Miezi miwili inayofuatana, yote ya siku 31, yote ya majira ya joto, halafu mmoja unamzidi jirani yake kwa karibu asilimia 60. Na Agosti haikuibuka peke yake kama uyoga. Septemba, Oktoba na Novemba nazo ziko juu, kisha namba zinashuka kwa kuyumbayumba hadi Juni na Julai, ambako ndiko chini kabisa. Ni kama ngazi: unashuka miezi kumi na moja polepole, ya kumi na mbili unakutana na ukuta.

Kabla sijamwaga maelezo, nataka nisikie wadau mnafikiri huo ukuta kaujenga nani.

Kivuli cha Mbuyu

Jibu liko wazi mkuu. Nyota ya Simba hiyo. Watu wa Simba wamezaliwa kutawala.

GongoRefu

Nilijua hili litakuja 😂. Mkuu, nyota ya Simba inaanza Julai 23. Staa wa MLB Barry Bonds kazaliwa Julai 24, staa mwenzake Alex Rodriguez Julai 27, wote Simba, na wote wametoka kwenye mwezi wenye namba mbovu kuliko yote. Kama ni nyota, mbona ukuta uko katikati ya Simba mwenyewe? Kichwa kikose bahati, mkia upate?

Kivuli cha Mbuyu

Ngoja nikaulize 😂

Mama Hesabu

Labda Wamarekani wengi huzaliwa Agosti tu, mleta uzi. Hilo umeliangalia?

GongoRefu

Dada, swali zuri na ndilo la kwanza kujiuliza. Ni kweli Marekani watoto wengi huzaliwa kati ya Julai na Septemba. Lakini Julai imo humohumo kwenye msimu wa neema. Wingi wa uzazi hauwezi kuipandisha Agosti halafu ukaizamisha Julai.

Twende kwenye ukuta wenyewe sasa.

Besiboli ya watoto Marekani haichezwi shuleni, inachezwa kwenye ligi za mitaa wakati wa joto. Kubwa kuliko zote ni Little League, iliyoanzishwa 1939 na Carl Stotz pale Williamsport, Pennsylvania, ikiwa na timu tatu. Ligi ya namna hiyo lazima igawe watoto kwa umri, na kugawa kwa umri kunataka tarehe ya ukomo. Kwa zaidi ya miaka 50, tarehe iliyotumika kwenye ligi karibu zote za watoto ilikuwa Julai 31. Umri utakaokuwa nao siku hiyo ndio umri wako wa ligi kwa msimu mzima.

Sasa chukua watoto wawili waliopishana siku moja. Wa kwanza anatimiza 13 Julai 31. Huyo msimu mzima anahesabiwa wa 13, hata kama anaingia uwanjani mwanzoni mwa msimu akiwa bado wa 12. Anapelekwa kwa wakubwa. Wa pili anatimiza 13 Agosti 1. Huyo ni wa 12, anabaki na wadogo. Kwa hiyo mmoja ndiye mdogo kuliko wote kwenye kundi lake, na mwenzake aliyezaliwa kesho yake ndiye mkubwa kuliko wote kwenye lake.

Fundi Mitambo

Mwaka mmoja una uzito gani lakini? Watoto ni watoto.

GongoRefu

Mkuu, kwako na kwangu mwaka ni kitu kidogo. Kwa mtoto wa miaka 8 ni sehemu moja ya nane ya maisha yake yote. Wavulana wakifika kwenye balehe, kipindi cha kurefuka kwa kasi, wanaweza kuongezeka hata sentimita 9 ndani ya mwaka mmoja. Uwanja wa miaka 12 mrushaji anasimama mita 14 kutoka kwa mpigaji (wakubwa ni 18.44). Mtoto aliyeshakua akirusha kutoka mita 14, yule mdogo gongo hata halijaanza kuzunguka mpira umeshaingia kwenye glavu ya mdakaji.

Kocha anaona nini hapo? Haoni tofauti ya miezi 11. Anaona kipaji na asiye na kipaji. Mwisho wa msimu anachagua kikosi cha nyota cha kwenda kwenye mashindano, na yule mkubwa anachaguliwa. Akichaguliwa anapata mechi za ziada, kocha mzuri zaidi, wapinzani wagumu zaidi. Mwaka unaofuata anakuja kweli akiwa bora, sasa siyo kwa sababu ya umri tu bali kwa sababu ya mechi alizocheza. Mwenye nacho huongezewa. Yule wa Julai anahamia kwenye mchezo mwingine au anaacha kabisa, na hakuna anayejua tumepoteza nani.

Msomaji Kimya

Sichangiagi lakini hapa nimeamka. Hili jambo halikuanzia kwenye besiboli. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Canada Roger Barnsley alikuwa kwenye mechi ya hoki ya barafu ya Lethbridge Broncos na mke wake Paula. Mama wa watu anasoma orodha ya wachezaji, akashangaa: Januari, Februari, Machi, Januari tena. Hoki ya watoto Canada ukomo ni Januari 1. Barnsley akafanya utafiti, na mwaka 1991 yeye na wenzake Thompson na Stebelsky wakageukia MLB, wakakuta picha ileile, ila kilele kiko Agosti kwa sababu ukomo ndiko uliko.

Yaani kila mchezo una mwezi wake wa bahati, na mwezi huo unakaa pale pale alipouweka karani.

GongoRefu

Mkuu umemaliza. "Pale pale alipouweka karani" naiiba hiyo.

Shabiki wa Boston

Naunga mkono hoja. Ushahidi wa Agosti, mastaa wa MLB watupu: Ted Williams, Agosti 30. Carl Yastrzemski, Agosti 22. Frank Robinson, Agosti 31. Cal Ripken Jr., Agosti 24. Roberto Clemente, Agosti 18. Roger Clemens, Agosti 4. Mnataka nini tena?

Mama Hesabu

Orodha tamu lakini imeoza katikati. Ted Williams kazaliwa 1918. Little League inaanza na timu zake tatu 1939, yeye mwaka huohuo anaanza kucheza Boston Red Sox akiwa mtu mzima. Tarehe ya Julai 31 ilimsaidiaje? Clemente kakulia Puerto Rico miaka ya 1930 na 40. Frank Robinson wa 1935 alikua kabla ligi hizi hazijaenea nchi nzima. Ukitoa hao, unabaki na watu watatu, na watu watatu siyo takwimu.

Kwa mtindo wako nami naweza kusema Novemba 21 ndiyo siku ya miujiza, kwa sababu Stan Musial (1920) na Ken Griffey Jr. (1969) wamezaliwa siku hiyo, tena wote wawili kwenye mji mmoja mdogo, Donora, Pennsylvania.

Shabiki wa Boston

Ebo! Hiyo ya Donora ni kweli?

Mama Hesabu

Kweli kabisa. Na haina maana yoyote zaidi ya kufurahisha. Ndiyo nasema, majina ya mastaa hayathibitishi kitu. Hesabu ya mamia ndiyo inayothibitisha. Mleta uzi alianza vizuri, msimharibie.

GongoRefu

Dada yuko sahihi na mimi nakubali, ingawa nilikuwa na orodha hiyohiyo mfukoni 😂.

Lakini kuna jina moja nitalitaja, siyo kama ushahidi, ila kwa sababu linaonyesha jambo ambalo sijaona likizungumzwa sana. Mike Trout, staa wa MLB. Agosti 7, 1991.

Wale mlioruka, karibuni.

Maelezo ya kawaida yanasema mtoto wa Agosti ni mkubwa kwa wenzake, basi, hadithi imeisha. Lakini mtoto wa Marekani anaishi na saa mbili ukutani. Saa ya kwanza ni ya ligi ya majira ya joto, iliyokuwa inagonga Julai 31. Saa ya pili ni ya shule, na majimbo mengi ukomo wa kuanza shule uko karibu na Septemba 1. Kwa saa ya kwanza mtoto wa Agosti ndiye mkubwa. Kwa saa ya pili mtoto huyohuyo, akianzishwa shule kwa wakati, ndiye mdogo kuliko wote darasani.

Angalia kinachotokea. Akiwa na miaka 9 hadi 12, umri ambao watoto ndio wanachujwa na kukata tamaa, anacheza kwa saa inayompendelea. Anachaguliwa, anajiamini, anaupenda mchezo. Kisha anaingia sekondari, ambako timu ni za shule, na ghafla yeye ndiye mdogo. Sasa analazimika kupambana na wakubwa wakati tayari ana msingi. Anabebwa mgongoni njia yote, akifika kwenye kilima ndipo anashushwa atembee.

Halafu inakuja drafti, siku ambayo timu za MLB zinagawana vijana. Trout alimaliza sekondari 2009 na akachaguliwa na timu ya Angels nafasi ya 25 akiwa na miaka 17. Wenzake wa darasa moja wengi walishatimiza 18. Timu siku hizi zinaliangalia sana hili: vijana wawili wenye kiwango sawa leo, aliye mdogo ana nafasi zaidi ya kukua. Uchambuzi wa drafti uliotoka 2011 ulionyesha kuwa wapigaji waliochaguliwa wakitoka sekondari wakiwa wadogo kwa darasa lao walikuja kuwa wazuri kuliko nafasi walizochaguliwa. Yaani soko lilikuwa linawauza kwa bei ya chini.

Trout amekuja kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, 2014, 2016 na 2019. Timu nyingi zilimpita zikachagua wengine.

Fundi Mitambo

Hapo kwenye saa mbili umenifungua macho. Kwa hiyo Agosti inakula pande zote?

GongoRefu

Ilikuwa inakula pande zote, ndiyo. Ukubwa wakati ukubwa unasaidia, udogo wakati udogo unasaidia. Hakuna mwezi mwingine uliokuwa na mpangilio huo. Huo ndio uchambuzi wangu, mwenye hoja ya kuupinga alete.

Msomaji Kimya

Napinga kidogo. Mtoto wa Julai naye ni mdogo darasani, karibu sawa na wa Agosti. Akifika kwenye drafti naye ana miaka 17. A-Rod (Alex Rodriguez) wako wa Julai 27 alichaguliwa wa kwanza kabisa 1993 akiwa na 17. Kwa hiyo faida ya saa ya pili Julai anayo pia, anachokosa ni ya kwanza tu. Na bado Julai iko chini kabisa. Maana yake saa ya kwanza, ya utotoni, ndiyo inayoua. Hiyo ya pili ni kachumbari.

GongoRefu

😂😂 Kachumbari. Haya mkuu, umenipiga kwa fimbo yangu. Nakubali: mlango wa kwanza ndio unaofunga. Ya pili inawasaidia waliokwisha kupita tu.

Mama Hesabu

Na hapo ndipo mtu atenganishe maswali mawili yanayochanganywa kila siku. Kufika ligi kuu ni swali moja. Kufanya vizuri ukishafika ni jingine. Mwezi wa kuzaliwa unagusa zaidi la kwanza. Kwenye hoki, utafiti wa drafti ya NHL (ligi kuu ya hoki) uliochapishwa 2013 ulikuta kuwa wale waliozaliwa mwishoni mwa mwaka, ambao ni wachache, walifanya vizuri kuliko nafasi walizochaguliwa. Aliyepenya tundu dogo akiwa mdogo, huyo hakupenya kwa bahati.

Bonds ana 762, rekodi ya mipira iliyopigwa ikatoka nje ya uwanja. A-Rod 696. Wana Julai wawili. Siwaleti kama ushahidi (nisije nikajipiga mwenyewe), ila Bonds alikuwa na mlango wa pembeni: baba yake Bobby alicheza ligi kuu. Mtoto kama huyo hata kocha wa mtaani akimweka benchi, nyumbani hachujwi.

Haru

Wakuu, mnaizungumzia Marekani tu. Niwaletee Japani, ambako besiboli ni dini.

Kule watoto wanakwenda kwa mwaka wa shule unaoanza Aprili, na besiboli ya vijana inachezwa kupitia shule, kwa hiyo hakuna saa mbili, kuna moja. Mtoto wa Aprili hadi Julai ni mkubwa, wa Januari hadi Machi ni mdogo. Wana hata neno la kawaida la kumwita mtoto wa miezi hiyo ya mwisho, *hayaumare*, yaani aliyezaliwa mapema. Na kwenye ligi yao ya kulipwa wale wa nusu ya kwanza ya mwaka wa shule ni wengi kuliko wa nusu ya pili.

Sasa Shohei Ohtani, staa wa Kijapani wa MLB, kazaliwa Julai 5, 1994. Julai ileile mnayoililia! Kwa Mmarekani wa rika lake ni mwezi wa mkosi, kwake yeye ni mwezi wa wakubwa darasani. Mwezi mmoja, mchezo mmoja, bahati mbili tofauti.

Nyota ya mtu haibadiliki akivuka bahari, Kivuli cha Mbuyu unanisoma?

Kivuli cha Mbuyu

Nakusoma kwa huzuni.

Haru

Na kuna mmoja aliyevunja kila kitu. Mrushaji Masumi Kuwata, Aprili 1, 1968. Kwa sheria ya Japani mtu anatimiza umri mwishoni mwa siku iliyotangulia tarehe yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo aliyezaliwa Aprili 1 anahesabiwa ametimiza Machi 31, anasukumwa darasa la mbele. Hakuna mtoto mdogo kuliko yeye darasani, haiwezekani. Angechelewa siku moja tu angekuwa mkubwa wa darasa la nyuma.

Kiangazi cha 1983, akiwa mwaka wa kwanza sekondari pale PL Gakuen, miaka 15, alirusha hadi shule yake ikachukua ubingwa wa Koshien, mashindano ambayo nchi nzima huyafuatilia. Mwenzake wa darasa, Kazuhiro Kiyohara, ambaye ndiye aliyekuwa mpigaji tegemeo, ni wa Agosti 1967, anamzidi zaidi ya miezi saba. Kuwata akaja kuwa nguzo ya timu ya kulipwa ya Yomiuri Giants, 1994 akawa mchezaji bora wa ligi yake, na 2007 karibu na miaka 40 akarusha MLB na Pittsburgh Pirates.

Fundi Mitambo

Mrushaji mdogo wa mwili anashindaje?

Haru

Kwa ufundi, mkuu. Aliyejua tangu utoto kwamba hawezi kushindana kwa nguvu anajifunza kuulenga mpira na kuubadilisha mwendo. Wenzake wakubwa hawakulazimika kujifunza mapema.

Dugu Santo

Mmesahau Jamhuri ya Dominika, ambako tarehe ya kuzaliwa ni hela taslimu.

Kule hakuna drafti. Kijana anasajiliwa na timu ya MLB kuanzia miaka 16, na mstari ni Septemba 1. Ukitimiza 16 kabla ya siku hiyo uko kwenye kundi lililo karibu, ukitimiza baada unasubiri kundi la mwaka mmoja mbele. Na timu zinamtaka aliye mdogo kwa sababu zinanunua miaka ya mbele. Kwa hiyo watu hawakuishia kulalamikia kalenda, wengine waliihariri kabisa. Miguel Tejada aliposajiliwa na timu ya Oakland 1993 alisema ana miaka 17, kumbe 19. Alikuja kukiri Aprili 2008, akiwa ameshachukua tuzo ya mchezaji bora ya 2002. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, viza zilipoanza kukaguliwa kwa makini, wachezaji kwa mamia walikutwa na umri tofauti na ule wa kwenye karatasi.

Hata Little League yenyewe, 2001, timu ya Bronx, New York, ilifutiwa matokeo yake yote kwa sababu mrushaji wao matata wa miaka 12 alikuwa na 14. Nchi nzima ilikuwa inamshangilia kama muujiza. Nyie mnabishana miezi 11, huyo alijipa miezi 24.

Shabiki wa Boston

Hiyo ndiyo kali ya uzi. Na inathibitisha hoja: kumbe muujiza wa mtoto wa miaka 12 mara nyingi ni mtoto wa 14.

Mama Hesabu

Kuna dawa ilijaribiwa kwenye soka la vijana, utafiti wa 2017: wachezaji wakavaa namba za jezi kufuata umri, maskauti wakaambiwa maana yake. Upendeleo kwa wakubwa ukaondoka. Haikuhitaji mashine, ni namba tu mgongoni. Besiboli ambayo inapima hadi mzunguko wa mpira hewani sielewi inashindwa nini kuandika miezi ya mtoto kwenye karatasi ya kocha.

Baba Mtarajiwa

Nimesoma uzi wote. Swali la kizembe: mtu akitaka mwanawe aje acheze MLB, apange azaliwe Agosti?

GongoRefu

Umechelewa mkuu 😂. Julai 31 ilishakufa. Little League waliihamisha kwenda Aprili 30 kuanzia 2006, hapo mkubwa wa kundi akawa mtoto wa Mei. Kisha wakabadilisha tena, na tangu 2018 ukomo kwa wa miaka 12 ni Agosti 31. Kwa hiyo leo mtoto wa Agosti ndiye mdogo kuliko wote kwenye ligi, na darasani pia ni mdogo. Saa zote mbili zimemgeuka. Mwana wa mfalme amekuwa mtwana kwa kikao kimoja cha bodi.

Waliocheza kwa tarehe mpya wameanza kuingia umri wa drafti. Kama tuliyosema humu yote ni kweli, kilele kitahama Agosti kwenda Septemba bila mtu yeyote kubadilisha namna anavyozaa.

Baba Mtarajiwa

Na wakibadilisha tena kabla wangu hajafika 12?

GongoRefu

Basi mfundishe kurusha kama Kuwata.

Kivuli cha Mbuyu

Nimerudi. Septemba 1 ni nyota ya Mashuke. Nimeangalia, inasema ni watu wa kujituma na wenye nidhamu ya hali ya juu, wanafaa sana kwenye michezo ya kulipwa.

Mama Hesabu

Hiyo umeisoma wapi?

Kivuli cha Mbuyu

Palepale nilipoisoma ya Simba.